Nyumba Mbili Bila Kisu

Mama alikuwa akiuza mboga Mashimoni, ndani ya Kibera, na nyumbani kwetu hakukuwa na kisu. Najua inavyosikika. Kibandani alikuwa nacho, tena kikali, kwa sababu mteja wa Kibera akitoka kazini jioni hataki sukuma nzima; anataka ikatwe nyembamba, ifungwe, akifika nyumbani ni kuitia kwenye sufuria tu. Mama alikata kwa kasi mpaka watoto wakasimama kumtazama vidole. Lakini kibanda kikishafungwa, kisu kilibaki kwa jirani, kimeviringishwa kwa gazeti, na sukuma yetu wenyewe tuliichana kwa mikono. Ilitoka vipande vikubwa vikubwa, vingine na uti wake, na mboga ikiiva unatafuna kama mbuzi. Nilikuwa mtoto mwenye hasira, na nusu ya hasira hiyo ilitoka kwa sukuma ile.

Na si kisu peke yake. Wembe haukuvuka mlango wetu. Kucha tulizisugua kwenye jiwe lililokaa kizingitini, tukichuchumaa kwa zamu. Pembe za mabati mama alizifunga kwa vipande vya mpira wa baiskeli, na miguu ya kitanda cha chuma pia. Mkasi niliopewa shuleni kwa somo la ushonaji ulilala kwa jirani pamoja na kisu, na kila asubuhi ilinibidi nibishe hodi kwenda kuuomba. Nilidhani mama ana wazimu kidogo, ule wazimu usiodhuru mtu ambao majirani huuzoea.

Sababu ya haya yote ilikuwa mdogo wangu, na hilo nililijua, ila sikulielewa. Nilimtangulia kwa miaka miwili. Alipoanza kutambaa, magoti yake yaligeuka rangi ya zambarau, na watu wakamuuliza mama kwa nini anampiga mtoto mchanga. Jino lake la kwanza la utoto liling'oka lenyewe, kama meno ya watoto wote, lakini damu ikatoka siku tatu. Mama alishindilia majani ya chai yaliyolowa kwenye lile shimo, akalibana kwa kidole, akichoka mkono huu anabadilisha na ule. Baba alitoka kwenda mjengo, kwenye kazi ya ujenzi, akawaacha hivyo na akarudi akawakuta hivyo. Mara nyingine goti lilimvimba bila kuanguka, likang'aa, likawa la moto, na hapo alilala wiki mbili akihesabu misumari ya dari. Zahanati walisema ni baridi ya mifupa. Wengine walisema damu yake ni nyepesi, ale maini.

Akiwa mzima, mtaa mzima ulimjua kama refa. Mama alimkataza kupiga mpira, basi akajitafutia filimbi na akasimamia mechi za mpira wa makaratasi pale kando ya reli. Alikuwa refa mkali kuliko wote niliowahi kuwaona. Hata vijana wakubwa waliotoka Makina kucheza na wetu walimtii.

Katikati ya miaka ya tisini, mdogo wangu alikuwa na miaka kumi na miwili, na mwaka ulikuwa wa tohara. Kwetu Bungoma wavulana hutahiriwa Agosti, mwaka mmoja ndiyo, mwaka mmoja hapana, na msimu ukikaribia hata sisi wa Nairobi tulijua. Wenzake walianza kutembea kwa vifua mbele. Wale waliokuwa wakimwogopa uwanjani sasa walimwita omusinde, yaani mtu ambaye hajatahiriwa, na hakuna neno linalouma kuliko hilo kwa watu wetu. Akipuliza filimbi walimwambia hawachezeshwi na mtoto.

Baba alitaka atahiriwe. Mama alikataa, na kwa miezi mitatu hawakuzungumza lingine. Nataka nimtendee baba haki, maana hakuwa mkatili. Alikuwa fundi wa mawe, mtu wa maneno machache, na alimpenda yule mtoto kupita kiasi. Alijua kwamba mama alikuwa na kaka watatu. Wa kwanza na wa pili walikufa wakiwa vijana baada ya kisu cha tohara, damu ikakataa kukauka. Wa tatu, walisema, alipotelea Nairobi kabla baba hajamwoa mama, na hakuna aliyejua kama yu hai. Baba alikuwa na maelezo yake. Kwa desturi yetu, mvulana hatahiriwi mpaka aende kwa mjomba wake, kaka ya mama, na njuga mikononi. Mjomba huchinja, humvisha shingoni ukanda wa nyama ya kidari, humpiga kofi shavuni na kumwambia aende akasimame imara. Baba aliamini kwamba wale kaka walikufa kwa sababu mjomba wao aliwavisha nyama kwa kinyongo, au hakuwavisha kabisa. Na kwamba damu ya mwanawe inatoroka kwa sababu upande wa mama kuna baraka iliyokwama. Mjomba angepatikana, baraka ingefunguka, mtoto angepona goti, meno na kila kitu. Kwake, tohara yenye nyama ya mjomba ndiyo ilikuwa dawa.

Shida ilikuwa kwamba mjomba hayupo. Mama aliushikilia ukosefu huo kwa mikono miwili. Alisema mtoto hawezi kwenda bila mjomba, na baba mwenyewe ndiye aliyeamini hivyo.

Sasa mimi nilijua kwamba mjomba yupo.

Kila muhula kabla shule haijafunguliwa mama alinichukua tukaenda Gatina, kule Kawangware, kwa fundi wa sweta. Alikuwa na mashine ya kufuma, ile ndefu ya kusukuma huku na huku, na mguu mmoja uliokataa kukunjika. Alizungumza Kijaluo na majirani, mke wake alikuwa mtu wa Ziwa, wateja walimwita omera, yaani ndugu kwa Kijaluo, na hakuna aliyemdhania kuwa wa kwingine. Lakini akibaki na mama peke yake walinong'ona kwa lugha yetu, na akicheka, jino lake la pembeni lilikuwa limepinda kama la mama. Niliwauliza nikiwa na miaka minane. Mama alinikamata mkono akaniambia, "Huyu ni kaka yangu, na ukimwambia mtu yeyote, hata baba, utamuua." Nilidhani anazungumza kama wakubwa wanavyozungumza, kwamba utaniua, utanimaliza. Nikanyamaza miaka sita.

Kilichonifungua mdomo ni siku moja mwezi wa saba, mechi ilipokatizwa. Mdogo wangu alipuliza penalti, na mvulana mmoja wa rika lake akamnyang'anya filimbi, akaitupa kwenye mtaro. Alirudi nyumbani akakaa kwenye kizingiti, akasugua kucha kwenye jiwe mpaka nikaona anakaribia nyama. Aliniambia bila kuniangalia, "Siz, mimi nitakuwa mtoto mpaka lini? Hata mjomba wa kuazima hakuna?"

Nilimhurumia, na nilikuwa nimemchoka mama na siri zake na sukuma yake. Jioni ile baba alipokuwa akinawa miguu, nikamwambia. Nilimwambia mjomba yupo, yuko Gatina, anafuma sweta, nimemwona mara nyingi. Nilijiona mtu wa maana sana. Baba alisimama na mguu mmoja bado ndani ya beseni. Halafu akacheka, kicheko cha furaha ambacho sikuwa nimekisikia tangu tuhamie Mashimoni, akamwita mama kwa jina lake la utoto, akamwambia kaka yako ameonekana.

Mama aligeuka. Alinitazama mimi. "Umenimalizia watu wawili," akasema.

Kesho yake baada ya shule aliniketisha kibandani tuchambue mahindi na maharagwe ya githeri. Nilingoja kuchapwa. Badala yake aliweka ungo katikati yetu, akachagua haragwe moja akaliweka juu. Huyu ni mama yake nyanya yako, akasema. Pembeni akaweka punje ya hindi, mume. Chini yao akapanga watoto: maharagwe ni wanawake, mahindi ni wanaume. Akatafuta kwenye debe mahindi yaliyoliwa na wadudu, yenye tundu, na kila alipoweka punje yenye tundu alisema huyu alikufa kwa kisu, huyu kwa jino, huyu alianguka na ng'ombe akavuja ndani kwa ndani. Aliendelea hivyo vizazi vinne, bila kusita, kama mtu anayetaja njia ya kwenda kisimani.

Sikuona mara moja. Aliningoja. Kisha nikaona. Hakuna haragwe hata moja lililokuwa na tundu. Na kila punje yenye tundu ilikaa chini ya haragwe. Dada wawili wa nyanya hawakuzaa hata mmoja mwenye tundu. Nyanya na dada yake mwingine walizaa. Waume walitoka koo tofauti, vijiji tofauti, mmoja hata ng'ambo ya mpaka, na haikuleta tofauti. Kitu kile kilipita ndani ya wanawake bila kuwagusa, kikaja kuwachukua wana wao.

Nyanya, mama yake mama, hakujua kusoma. Alikuwa ameyapanga haya sakafuni mwake baada ya kumzika mwana wa pili, akiulizia kwa shangazi na kwa wake wa wajomba, akirudisha punje, akiondoa, mpaka picha ikatulia. Hapo ndipo akaelewa kwamba mjomba, nyama, kinyongo, havihusiki. Akamchukua wa tatu kabla ya msimu wake, akamtia kwenye lori la mahindi la kwenda Nairobi, akatangaza kwamba amepotea. Akamlilia hadharani mwaka mzima. Na akawafundisha binti zake kuchana mboga kwa mikono, ili wakizaa wana, nyumba ziwe tayari.

Nilikuwa na miaka kumi na minne, wa pili darasani katika sayansi, na nilihisi kwamba nimekaa mbele ya kitu kikubwa kuliko chochote nilichosoma. Nikamwuliza mama, na mimi niko wapi. Alichukua haragwe, akaliweka chini ya lake.

"Hili halionyeshi kitu," akasema. "Utajua siku utakayozaa."

Nilimwuliza kwa nini asimpangie baba punje hizi. Alisema alishampangia, kabla sijaanza shule, na baba alisema ni hesabu ya wanawake ya kuficha makosa ya kaka zao. Ushahidi ambao baba angeuamini ulikuwa mmoja tu, mwanamume wa ukoo ule aliye hai kwa sababu hakuguswa na kisu. Na ushahidi huo haukuwa wa mama kuutoa. Kwa watu wetu, mwanamume mwenye ndevu akijulikana kwamba hajatahiriwa, msimu ukifika vijana humfuata kwa nyimbo na filimbi, wakamshika, wakamkata hapo hapo barabarani, na wengi hufurahia kutazama. Mtu mwingine huamka na aibu yake akaendelea na maisha. Mjomba asingeamka. Ndiyo maana alijificha katikati ya watu wa Ziwa, ambao hawana desturi hiyo na wasingemuuliza.

Nilielewa basi kwamba mama hakuwa akizungumza kama wakubwa wanavyozungumza. Nililia mpaka nikatapika, na sikuona aibu kulia mbele ya wateja.

Mama alienda Gatina peke yake kumwonya. Nilitumaini angerudi na habari kwamba mjomba ameshahama. Alirudi macho mekundu, akamwambia baba maneno mawili tu: amesema mje.

Tulienda Jumapili baada ya kanisa. Baba, mama, mimi, mzee mmoja wa ukoo wa baba ambaye ndiye aliyeongoza nyimbo za tohara kwa watu wetu wa Kibera, na mbele yetu mdogo wangu na njuga zake. Zilikuwa mbili, za chuma, alizotengenezewa na fundi wa Makina kwa springi ya gari, na alizigonga kwenye bangili nzito za mikononi kila hatua mbili. Mama alikuwa ameziviringishia bangili hizo kitambaa kwa ndani, na mtoto akakubali.

Tulipita Makina watu wakitoka msikitini, tukavuka barabara ya Ngong, tukakata ndani ya ile mitaa ya matajiri yenye ua mrefu na mbwa. Sitasahau yaliyotokea huko. Kulikuwa kimya, hakuna mtu barabarani, na njuga zikalia. Geti moja likafunguka, akatoka askari wa zamu na koti lake kubwa na rungu. Alikuwa wa kwetu. Alisikiliza kidogo, akaweka rungu chini, akaitikia wimbo wa mzee. Geti la pili likafunguka. Kufika mwisho wa barabara walikuwa askari saba, wapishi wawili na mtunza bustani mmoja mwenye mpira wa maji mkononi, wote wakicheza mguu nje mguu ndani kuzunguka mdogo wangu, na kwenye madirisha wenye nyumba wametutolea macho. Uso wa mdogo wangu ulikuwa uking'aa. Nilimtazama, nikajua kwamba hii ndiyo furaha yake kubwa kuliko zote na kwamba inampeleka kufa, na nikashindwa kutenganisha vitu hivyo viwili.

Mjomba alikuwa ameketi mlangoni pa chumba chake cha mbao, kando ya jiwe lake la kusugulia kucha. Alikuwa akichana sukuma kwa mikono. Nilishaiona mara nyingi, lakini siku ile ndiyo niliyoiona kweli. Vipande vikubwa vikubwa, vingine na uti. Uzi wa sweta aliukata kwa kiberiti, akiyeyusha ncha. Meza yake imefungwa mpira wa baiskeli kwenye kila pembe. Nyumba mbili, mitaa miwili, mwanamke mmoja kijijini ambaye ndiye aliyezipanga zote.

Ndani, kwenye msumari, ulining'inia ukanda mrefu wa nyama ya kidari, umenunuliwa bucha asubuhi ile. Baba alipouona aliniminya bega kwa furaha. Mzee wa nyimbo alianza kusafisha koo. Mjomba aliwaomba waketi kwanza. Mke wake alisimama nyuma yake akiwa ameshikilia kiti kwa mikono miwili, nikaona ameshaambiwa yatakayosemwa.

Alikunja suruali akatuonyesha magoti. Sikuwa nimewahi kuyaona. Yalikuwa makubwa, yamejaa mafundo, na paja juu yake limekonda. Mdogo wangu aliacha kugonga njuga. Aliyatambua.

"Shemeji," mjomba alimwambia baba, taratibu, "kaka yangu wa pili alivishwa nyama. Mjomba wetu alikuja na fahali, na alikuja akiwa na roho safi. Mimi ndiye nilishika kamba. Hakuna kitu kilikosekana. Alikaa siku nne."

Baba alisema hakuwahi kusikia hivyo. Mjomba alisema walioona walikuwa wachache na wote walinyamaza. Baba akafikiri. Ni mtu wa kupima, anapima ukuta mara tatu kabla ya kuweka jiwe, na nilimwona akipima.

"Sasa wewe," akauliza, "ulipona aje?"

Mama alifumba macho. Mjomba alimtazama yule mzee wa nyimbo, mtu ambaye akisema neno Jumapili, Jumatatu Kibera nzima inalo. Alikuwa na nafasi ya kudanganya. Angesema alipata dawa, angesema Mungu. Mtoto angepelekwa Bungoma kukatwa wiki ile ile.

"Mimi sikupona," akasema. "Mimi sikukatwa."

Mzee alisimama kama kiti kimemchoma. Baba alibaki ameketi. Nje kuna mtu alikuwa akiwapigia watoto kelele watoke kwenye tope. Mjomba aliutoa ule ukanda wa nyama msumarini. Alichechemea mpaka kwa mdogo wangu, akamvisha shingoni, akautengeneza ukae sawa. Kisha akainua mkono wa kofi. Desturi inataka lilie, lisikike nje. Yeye alikiweka kiganja shavuni pa mtoto, kikatulia hapo kwa muda mrefu.

"Mimi ndiye mjomba wako," akasema, "na bila neno langu hakuna mtu anakugusa. Neno langu ni hili. Kutoka leo wewe ni mwanaume, na kisu hakuna. Cha hospitali hakuna, cha mtoni kwetu hakuna. Nimemaliza."

Nimeona watu wakubwa tangu siku hiyo, na wengine wao walikuwa na magari na walinzi. Sijaona mtu mkubwa kama yule mfuma sweta wa Gatina na suruali yake iliyokunjwa. Mdogo wangu alitetemeka, nyama ikitetemeka naye. Baba alinyanyuka, akamfungua bangili moja, kisha ya pili, akiangalia ndani ya kila mkono kama pamechubuka. Alimshukuru shemeji yake kwa sauti ya mtu aliyetoka kubeba simiti. Kisha akamgeukia mzee akamwomba, na nilikuwa sijawahi kumsikia baba akiomba, kwamba haya yabaki humu. Mzee aliapa kwa Mungu na kwa mama yake.

Alhamisi mama alinichukua tukaenda Gatina. Chumba kilikuwa kitupu na kimefagiliwa. Jirani alituambia Jumatatu alfajiri fundi alipakia mashine kwenye mkokoteni, na mke wake, na sufuria, labda wameelekea upande wa Ziwa, hakusema. Jumanne vijana wengi walikuja na filimbi na majani wakimuulizia. Waliimba mlangoni saa nzima kisha wakaondoka.

Kizingitini lilikuwa limebaki jiwe. Mama alilifunga kwa leso, akajitwika, akatembea nalo mpaka Mashimoni. Nilimwomba nimsaidie hata kidogo pale kwenye kilima. Alikataa. Hakunisema njia nzima, na hiyo ndiyo adhabu niliyopewa. Tulipofika tulimkuta baba amerudi mapema kutoka mjengo, amepiga magoti, anaviringisha mpira wa baiskeli kwenye pembe ya sanduku la mdogo wangu, moja ambayo mama alikuwa ameisahau.

Mwaka uliofuata goti lilivimba vibaya, tukampeleka hospitali kubwa, akapatikana daktari kijana aliyesikiliza. Alipima damu, akatupa jina la ugonjwa, hemofilia, na akachora kwenye karatasi ili mama aelewe: miraba ya wanaume, miduara ya wanawake, mingine ameipaka wino. Mama aliichukua ile karatasi, akaitazama, akamwomba kalamu. Akamwongezea vizazi viwili kwa juu. Daktari aliuliza ni nani aliyewahi kumchorea. Mama alimwambia ni mama yake mwenyewe, kwa mahindi na maharagwe, na yule kijana akaweka kalamu chini akanyamaza, na nikampenda kwa kunyamaza kwake.

Mdogo wangu alinuna karibu mwaka mzima. Waliendelea kumwita omusinde, na naye akanunua filimbi nyingine akaendelea kuwapulizia. Sasa ni mtu mzima, anachechemea, ana duka la vifaa vya michezo na maneno mengi. Kuna miaka tulidhani tutampoteza, hatukumpoteza.

Mimi nilizaa binti, kisha mwana. Mwana alipoanza kutambaa nilimvua suruali kila jioni nikamwangalia magoti mbele ya dirisha. Mwezi wa kwanza hakuna kitu. Mwezi wa pili niliona alama moja ya zambarau, ndogo, upande wa ndani. Nilikaa chini. Kisha nikainuka, nikakusanya visu vyote vya jikoni, nikaviringisha kwa gazeti, nikampelekea jirani.

Jiwe la Gatina liko mlangoni kwangu. Lina mfereji katikati, umechimbwa na kucha za mtu kwa miaka mingi, na kidole kinaingia chenyewe. Jumapili mdogo wangu huja, na yeye na mwanangu huchuchumaa hapo wakisugua na kubishana kuhusu mpira. Juzi mwanangu aliniuliza ni nani aliyeuanzisha huo mfereji. Nilimwambia yote, na sehemu yangu pia sikuificha. Aliniuliza kama yule mjomba aliwahi kujua kwamba mdogo wangu aliishi. Nilimwambia tulimtafuta Kisumu, Homa Bay, Siaya, kila mahali panapofumwa sweta, na hatukumpata.

Alirudi kwenye jiwe akaendelea kusugua, na mimi nikarudi ndani kuchana sukuma.